Mbappé hawezi kukuchezea

Nimechoka kuambiwa kwamba ligi ya mpira wa gemu ni ya mwenye timu kali. Juzi tena kijana ninayemfundisha, na mkono anao kweli, kafungwa 4-1 halafu ananiambia, "Kocha, yule kachukua Real Madrid, mimi ningefanyaje?" Wazazi wanasema hivyo hivyo, watangazaji nao, hata wanaoandaa mashindano ya mtaani. Basi leo naandika, ili nikiulizwa tena nimtumie mtu makala haya.

Tazameni Virtual Bundesliga, ligi ya mpira wa gemu ya Ujerumani. Ilianza 2012 chini ya DFL, hao hao wanaoendesha Bundesliga ya uwanjani, wakishirikiana na EA, kampuni inayotengeneza gemu yenyewe, na mwanzoni ilikuwa ya mtu mmoja mmoja. Msimu wa 2018/19 ikaongezwa ligi ya klabu. Zilijitokeza klabu 22 kati ya 36 za madaraja mawili ya juu, Bayern na Dortmund hazikuwemo, na ubingwa wa kwanza ukaenda Werder Bremen. Na katika ligi hiyo wachezaji wote wa ndani ya gemu waliwekwa kiwango kimoja, yaani namba moja ya ubora. Beki wa klabu ya daraja la pili alibeba namba sawa na beki wa klabu tajiri. Sasa hapo timu kali ni ipi?

Kiwango kikisawazishwa, mfupi hawi mrefu. Kimo, uwezo wa mguu dhaifu na nyota za chenga, yaani kipimo cha ufundi wa kupiga chenga, vinabaki vya mchezaji mwenyewe. Kwa hiyo mjuzi hababaishwi na jina la klabu. Anatafuta winga anayepiga miguu yote miwili, beki wa kati mrefu asiyegeuka polepole, kisha anapanga kikosi kuanzia hapo. Hiyo ni kazi ya kichwa, na inafanywa kabla padi haijawashwa.

Halafu kuna kukaba, na hapa ndipo damu inaponichemka. Nilirudia kutazama yale mabao manne ya kijana wangu. Yote yana asili moja: mpira ukifika katikati, anamchukua beki wa kati na kumkimbiza kuufuata. Nyuma linabaki pengo, inapita pasi moja ya kupenyeza, kipa yuko peke yake. Bao la namna hiyo hata timu ya mkiani inalifunga! Mchukue kiungo mkabaji, shika kitufe cha L2 kwenye padi ya PlayStation ili umkabili mpinzani bila kumrukia, simama kwenye njia ya pasi, usiuvamie mpira. Mabeki wa kati waache kwenye mstari wao, kompyuta itawapanga. Ukimwita mchezaji mwingine wa timu yako asaidie kwa kitufe cha R1, mwite kwa sekunde moja kisha mwachie, maana naye ana mtu wake wa kumlinda.

Lakini hapo hapo nina shaka ambayo walimu wenzangu hawapendi kuisema. Kuna matoleo ya gemu yanayomlipa anayeiachia kompyuta ikabe kuliko anayekaba kwa mkono wake. Toleo likiwa hivyo, nasita kusema kwamba aliyeshinda ndiye aliyekuwa bora. Na mambo hubadilika kila mwaka, wakati mwingine katikati ya msimu, sasisho moja linaingia na mbinu uliyoijenga kwa miezi inakufa.

Pesa? Kwenye Ultimate Team, sehemu ya gemu ambako unajenga kikosi chako kwa kadi za wachezaji, ndiyo, anayenunua pakiti za kadi anaanza mbele, hilo silibishi. Na kuhusu "gemu imepangwa nifungwe", watu waliishtaki EA huko California mwaka 2020, mwaka uliofuata wakaiondoa kesi wenyewe. Tuendelee.

Kinachoniridhisha zaidi katika ligi ile ya Wajerumani ni muundo wa siku ya mechi. Klabu mbili zikikutana zilicheza mara tatu: mmoja kwa mmoja kwenye PlayStation, mmoja kwa mmoja kwenye Xbox, kisha dabo, watu wawili wakiongoza timu moja. Kila mchezo pointi tatu, jumla tisa. Kwenye dabo, wawili wasiosemezana wanamfuata mshambuliaji mmoja na kuacha winga yuko huru. Nyota mmoja hatoshi kukupa ubingwa. Werder walikuwa na Mohammed Harkous, kwa jina la gemu MoAuba, ambaye Agosti 2019 alitwaa ubingwa wa dunia wa mpira wa gemu kwenye ukumbi wa O2, London, kwa kumfunga Msdossary wa Saudi Arabia jumla ya mabao 3-2, akaondoka na dola 250,000. Hata hivyo kwenye ligi alimhitaji Michael Bittner pembeni yake.

Ombi langu kwa waandaaji wa huku kwetu: sawazisheni kiwango, ongezeni dabo, na watu wacheze raundi mbili badala ya kumtoa mtu kwa mechi moja. Na televisheni ziwekwe zote kwenye hali ya gemu, ile inayopunguza ucheleweshaji wa picha, kabla ya mechi ya kwanza, kwa sababu skrini inayochelewa ndicho kisingizio pekee cha kufungwa ninachokikubali.