Je, wajua jongoo mpya hugunduliwa wapi?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba spishi mpya ya jongoo hugunduliwa msituni: mtaalamu anageuza gogo, anamwona jongoo wa rangi ngeni, anamhesabu miguu, na kazi imekwisha. Sivyo. Msituni jongoo huokotwa tu. Hugunduliwa mezani, chini ya darubini, pengine miaka mingi baadaye.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuiamini miguu. Jongoo huanguliwa akiwa na miguu michache, kisha huongeza pingili na miguu kadiri anavyojivua gamba, kwa hiyo mtoto na mzazi wake hawawezi kutoa hesabu moja. Katika spishi nyingi hata wakubwa kwa wakubwa hawalingani. Eumillipes persephone wa Australia Magharibi, aliyeelezwa mwaka 2021 baada ya kupatikana ndani ya shimo la uchimbaji, mita 60 chini ya ardhi, alisifika kwa miguu yake 1,306. Lakini hiyo ilikuwa hesabu ya jike mmoja, na wenzake walikuwa na mamia pungufu. Rangi nayo haitegemeki, maana hufifia sampuli ikikaa kwenye spiriti.

Jibu lenyewe limefichwa tumboni mwa dume. Mlaze chali jongoo dume aliyekomaa, uhesabu pingili kuanzia kichwani: katika spishi nyingi, kwenye pingili ya 7, badala ya miguu ya kutembelea, utakuta vifaa vidogo vilivyokunjwa, ambavyo ni miguu iliyogeuka kuwa ya kupitishia mbegu kwa jike. Chukua funguo mbili za makufuli ya kampuni moja. Shina ni lile lile, kichwa ni kile kile, na ukizishika gizani huwezi kuzitofautisha mpaka upitishe kidole kwenye meno. Majongoo wawili wanaofanana kwa umbo na rangi wanaweza kutofautiana hapo tu: huyu ana ncha iliyopinda kama ndoana, yule ana ncha bapa yenye vijino. Mtaalamu huving'oa vifaa hivyo kwa kibano, akavichora, kisha akavilinganisha na vya spishi zilizokwisha kupewa majina.

Mfano wa ufunguo una mpaka wake, hata hivyo. Je, jike naye ana kufuli linalokubali ufunguo mmoja tu, au maumbo haya yalitofautiana kwa sababu majike huwapendelea madume fulani? Wanabiolojia bado wanalijadili.

Ulinganisho ukionyesha tofauti ya kweli, maelezo huchapishwa pamoja na jina la kisayansi, na sampuli moja, mara nyingi dume, huhifadhiwa makumbusho kama kielelezo cha jina hilo. Ndivyo mtaalamu wa majongoo Henrik Enghoff wa Denmark na wenzake walivyoeleza mwaka 2024 spishi tano mpya kutoka eneo la milima ya Udzungwa, Tanzania, mmojawapo Lophostreptus magombera, aliyebeba jina la msitu wa Magombera, na mwingine aliyehitaji jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) mpya kabisa, Udzungwastreptus.

Majike na wachanga wanaookotwa bila dume mara nyingi hubaki kwenye chupa zao za spiriti, kibandiko kikitaja mahali, tarehe na familia tu, mpaka siku dume wao atakapopatikana.