Je, wajua kwa nini gitaa la roki hukwaruza?

Mwaka 1964 kijana wa London mwenye miaka 17, Dave Davies wa bendi ya The Kinks, alichukua wembe akaichana karatasi ya spika kwenye amplifaya yake ndogo ya Elpico. Spika haikuwa na ubovu wowote. Yeye ndiye aliyeutaka ubovu. Mlio wa spika hiyo iliyochanika ndio unaosikika kwenye "You Really Got Me", wimbo uliofika namba moja Uingereza mwaka huohuo. Miaka sita kabla yake, Mmarekani Link Wray alikuwa ametoboa spika zake kwa penseli akitafuta kitu kilekile.

Fundi redio hulipwa aondoe mkwaruzo. Mpiga gitaa wa roki hulipa ili auwekewe. Sasa sauti iliyoharibika inapendezaje?

Wengi hudhani mkwaruzo ni kelele iliyomwagwa juu ya muziki, uchafu ambao masikio ya vijana yameuzoea. Sivyo. Kelele ya redio isiyoshika stesheni haina undugu wowote na wimbo, lakini mkwaruzo wa gitaa umezaliwa na noti yenyewe na huifuata kila inapokwenda. Ukiupima utakuta ni noti nyingine, nyingi tu, ambazo hakuna kidole kilichozipiga.

Chukua uzi wa tano wa gitaa, ule wa A. Ukipigwa wazi hutikisika mara 110 kwa sekunde, yaani hezi 110. Pikapu, ambayo ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko, hugeuza mtikisiko huo kuwa umeme mdogo, sehemu tu ya volti moja. Transista ndani ya pedali, kile kisanduku cha mkwaruzo kinachowashwa kwa mguu, huupokea na kuukuza. Ila pedali inakula betri ya volti 9, na transista haiwezi kutoa zaidi ya kile ilichopewa na betri. Ukilikuza wimbi mara mia, litataka kupanda kupita kiwango hicho mara kadhaa, na nafasi haipo. Linatoka likiwa limekatwa vilele, kama kilima kilichopitiwa na greda: miteremko bado ipo, juu ni tambarare.

Mfaransa Joseph Fourier alionyesha mwanzoni mwa karne ya 19 kwamba umbo lolote linalojirudia linaweza kuchambuliwa kuwa mawimbi laini: moja la msingi, na mengine yanayotikisika mara mbili, mara tatu, mara nne ya lile la kwanza, na kuendelea. Kwa hiyo ukiligusa umbo la wimbi, umebadilisha orodha ya noti zilizomo ndani yake. Kata juu na chini sawasawa, na wimbi laini la hezi 110 litazaa vizidishio witiri peke yake: 330, 550, 770 na kuendelea. Hezi 330 ni E. Hezi 550 iko jirani kabisa na C#. A, E na C# zikilia pamoja ni kodi kamili ya A meja, na wewe umepiga uzi mmoja! Kata upande mmoja kuliko mwingine, na vizidishio shufwa vya 220 na 440 vinaingia pia. Hizo ni A zilezile, oktava moja na mbili juu, na ndizo huufanya mlio uwe mnene bila kuwa mkali.

Kilele kikishakatwa, sauti pia hudumu. Uzi ukipigwa huanza kwa nguvu kisha hufifia haraka, lakini wimbi lililokatwa hubaki na kimo kilekile hadi uzi uwe umechoka kabisa. Gitaa safi hulia na kunyamaza. Gitaa lenye mkwaruzo linaweza kushikilia noti moja kwa muda ambao mpiga saksafoni angekuwa tayari anatafuta pumzi.

Hayo yote ni ya noti moja. Zikiwa mbili, mambo yanakolea.

Mawimbi mawili yakipita pamoja kwenye saketi inayokata vilele, hayatoki kama yalivyoingia. Yanazaa noti za tatu, ambazo ni jumla na tofauti za yale mawili. Piga A ya hezi 110 pamoja na E iliyo juu yake, yenye hezi 165. Toa moja kwenye nyingine: 55. Hezi 55 ni A tena, oktava nzima chini ya ile uliyopiga, na gitaa la kawaida halina uzi unaofika huko, maana uzi wake mnene kuliko yote ni wa hezi 82 hivi. Ule uzito unaousikia kifuani gitaa la roki linapopiga kodi ya vidole viwili ni noti ambayo gitaa lenyewe haliwezi kuitoa. Imetengenezwa na saketi.

Sasa ongeza noti ya tatu, C# ya hezi 138.6, ili kodi iwe kamili kama vitabu vya muziki vinavyofundisha. Tofauti yake na A ni 28.6, na tofauti yake na E ni 26 na ushee. Hizo mbili hazilingani na hakuna kati yake iliyo A. Zinagongana, na kodi iliyokuwa tamu kwenye gitaa kavu, yaani lisilo na mkwaruzo, inageuka tope. Ndiyo sababu wapiga roki huiacha noti ya katikati, ile inayoamua kama kodi ni meja au maina. Wapenzi wa jazi huwacheka kwa kodi zao za vidole viwili. Mimi nasema mwenye kucheka apewe pedali ya mkwaruzo apigie kodi yake ya noti sita, halafu tuzungumze. Sehemu kubwa ya nadharia ya roki iliandikwa na transista.

Na transista ziliingiaje? Kwa bahati mbaya iliyotokea studio ya Nashville, Marekani. Grady Martin alikuwa akipiga besi ya nyuzi sita kwenye "Don't Worry" ya Marty Robbins, wimbo uliovuma mwaka 1961, na njia moja ya mixa ikaharibika katikati ya kazi. Besi ikatoka inanguruma. Waliokuwepo wangeweza kurekodi upya, lakini wakauacha mngurumo ulivyo. Fundi mitambo Glenn Snoddy alipoona wanamuziki wengine wanakuja kuutaka mlio ule, alishirikiana na Revis Hobbs kuunda saketi ya transista ya kuuiga. Kampuni ya Gibson iliitoa mwaka 1962 kwa jina la Maestro FZ-1 Fuzz-Tone. Ndani yake kulikuwa na transista tatu za jemaniamu na betri mbili za volti 1.5. Volti 3 tu! Dari likiwa chini hivyo, wimbi halihitaji kusukumwa sana ili ligonge.

Mwanzoni pedali hiyo iliuzwa kama chombo cha kulifanya gitaa liige ala za kupuliza, na haikununuliwa kwa kasi. Madai hayo hayakuwa ya uongo mtupu, kwani klarineti kwenye sauti zake za chini nayo hutawaliwa na vizidishio witiri. Mwaka 1965 Keith Richards wa The Rolling Stones aliitumia kwenye "(I Can't Get No) Satisfaction" kuonyesha tu namna tarumbeta zingekuja kupiga baadaye. Tarumbeta hazikuja, wimbo ukatoka na rasimu yake, na Fuzz-Tone zikaisha madukani.

Kwa mtu anayetaka kujitengenezea pedali mwenyewe, mahali pa kuanzia ni Fuzz Face, iliyotolewa London na kampuni ya Arbiter mwaka 1966 na kupendwa sana na mpiga gitaa Jimi Hendrix. Saketi yake ina transista mbili, rezista nne, kapasita tatu na vitufe viwili vya kuzungusha. Vipande 11, ukiacha betri, swichi na matundu ya waya. Inaenea kwenye kibao cha upana wa vidole viwili.

Ila uchache wa vipande usikudanganye. Transista za jemaniamu hazifanani hata zikiwa na namba moja. Huvuja umeme kidogo zikiwa zimezimwa, na joto huongeza uvujaji, hivyo pedali iliyolia vizuri asubuhi ya baridi inaweza kukohoa ikipigwa jua jukwaani. Kwa hiyo fundi hapachiki tu rezista ya omu 8,200 iliyoandikwa kwenye mchoro. Anaweka mahali pake rezista ya kuzungusha, anagusa mguu wa kolekta wa transista ya pili kwa mita, kisha anazungusha polepole hadi asome karibu volti 4.5, nusu ya betri. Hapo wimbi lina nafasi ya kupanda na kushuka. Ukiiacha kwenye volti 2, noti zinazofifia huanza kukatikakatika. Wapo wanaoupenda mlio huo na huuacha makusudi.

Wakati wa kulehemu, mguu wa transista hubanwa kwa koleo dogo ili joto liishie kwenye chuma, au huwekwa soketi na transista huchomekwa mwisho. Pedali ikikataa kutoa sauti, usianze kufumua. Unga kapasita kwenye ncha ya waya unaokwenda kwenye amplifaya, piga gitaa, gusa saketi hatua kwa hatua kuanzia sauti inapoingia. Pale inaposikika hapa na kupotea kipande kinachofuata, ugonjwa uko katikati.

Transista za silikoni hazijali joto sana, lakini zina nguvu ya kukuza kiasi cha kudaka hata stesheni ya redio. Unanyamazisha nyuzi, na mtangazaji anaendelea na taarifa ya habari. Kapasita ndogo mno kati ya miguu miwili ya transista, ule wa besi na ule wa kolekta, humfukuza.

Kuna jambo moja la Fuzz Face ambalo pedali nyingi za kisasa hazina. Mlango wake wa kuingizia sauti una ukinzani mdogo, hivyo pikapu na saketi hufanya kazi kama kitu kimoja. Punguza kidogo kitufe cha sauti kwenye gitaa na mkwaruzo unayeyuka, unabaki mlio safi unaong'aa. Ongeza, unarudi. Weka kati yake pedali nyingine yenye kikuza-ishara na ujanja wote unakufa. Ndiyo maana wajuzi huiweka ya kwanza kabisa baada ya gitaa.

Ukoo mwingine wa pedali, wenye DS-1 ya Boss na RAT ya ProCo, zote za 1978, hukata wimbi kwa dayodi mbili, vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zinazotazamana kinyume. Ya jemaniamu huanza kukata kwenye volti 0.3 hivi, ya silikoni kwenye 0.6. Funga swichi ya kuchagua kati ya jozi hizo mbili na utasikia tofauti kabla hujahitaji nadharia.

Baada ya pedali kulia, mwenyewe hutaka kujirekodi, na hapo wengi huvunjika moyo. Wanachomeka pedali moja kwa moja kwenye kadi ya sauti ya kompyuta na kusikia mlio mkali unaochoma masikio. Pedali haina kosa. Spika ya gitaa ya inchi 12 haitoi mengi zaidi ya hezi 5,000, na vizidishio vya mkwaruzo huenda mbali sana kupita hapo. Miaka yote spika imekuwa ikivichuja kimyakimya, na wewe umeiondoa. Irudishe: weka maikrofoni karibu na kitambaa cha spika, ukielekeza katikati kwa mlio mkali na pembeni kwa mlio laini. Usiku ambapo majirani wamelala, tumia programu inayoiga spika.

Tom Scholz wa bendi ya Boston alilijua tatizo hilo la majirani. Alikuwa mhandisi aliyesoma chuo cha MIT na kuajiriwa na kampuni ya kamera ya Polaroid, na sehemu kubwa ya albamu ya kwanza ya bendi yake, iliyotoka 1976, aliirekodi kwenye chumba cha chini cha nyumba yake kwa kutumia pia vifaa alivyounda mwenyewe. Baadaye aliuza Power Soak, kifaa kinachomeza nguvu ya amplifaya ili ikaze hadi mwisho huku spika ikinong'ona.

Kitu cha kukwepa ni kuiachia kompyuta yenyewe ikate vilele kwa kuzidisha kiwango cha sauti. Rekodi ya sampuli (vipimo vya wimbi) 44,100 kwa sekunde haiwezi kubeba chochote kilicho juu ya hezi 22,050, na kizidishio kinachovuka hapo hukunjwa na kurudi chini. Kizidishio cha 43 cha noti ya hezi 1,000 ni 43,000, na kikikunjwa kinaangukia 1,100, bega kwa bega na noti yako na bila kupatana nayo. Huo sasa ndio uchafu wa kweli. Programu nzuri za kuiga pedali hulikwepa kwa kufanya hesabu kwa kasi kubwa zaidi kabla ya kupunguza. Saketi ya vipande 11 haina sampuli, kwa hiyo tatizo hilo hailijui.

Wanaorekodi nyumbani hupenda kuhifadhi gitaa kavu pembeni, kisha kuipitisha rekodi hiyo kwenye pedali kesho yake wakiwa wametulia. Kwa Fuzz Face kuna kikwazo: tundu la kutolea sauti la kadi lina nguvu kuliko pikapu na halina tabia yake, na pedali hulia kwa ukavu usioutambua. Weka katikati transfoma ndogo ya sauti iliyogeuzwa kinyume, pamoja na rezista ya kuzungusha, uishushe sauti hadi kitufe cha mkwaruzo kianze kuitika kama kinavyoitika gitaa likiwa mkononi.