Lehemu ikikataa kushika: dhana za mafundi na ukweli wake

Taa za LED za wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria, ziwe zimetoka mwalo wa Kirumba, Igombe au Ukerewe, hufika mezani kwa fundi zikiwa na ugonjwa unaofanana: waya umeachia bodi, na ukijaribu kuurudisha, lehemu, ile metali laini inayoyeyushwa kuunganisha waya na bodi, inajikusanya duara kama tone la maji juu ya jani la gimbi. Lehemu iliyoshika hutandaa, na kingo zake hukonda mpaka zinapotelea kwenye shaba. Ukiiona imesimama kama goroli, hapo hakuna kiungo, hata kama taa inawaka.

Dhana ya kwanza, na ndiyo inayoharibu bodi nyingi zaidi, ni "ongeza moto". Lehemu yenye bati asilimia 63 na risasi 37 huyeyuka kwa nyuzi 183 za Selsiasi. Ile isiyo na risasi, ya bati, fedha kidogo na shaba, huyeyuka kati ya 217 na 220. Pasi ya kuchomea ikiwa kati ya 320 na 350 inatosha kwa ya kwanza. Ya pili iongezee kama nyuzi 20. Ukipita 400, fluksi, dawa ya kusafishia iliyo ndani ya waya wa lehemu, inaungua kabla haijaondoa oksidi (kutu) kwenye shaba, kisha pedi, kile kipande cha shaba cha bodi kinachopokea waya, nayo inabanduka.

Kinachopungua hapo si ukali wa moto. Ni wingi wa joto linalofika kwenye bodi. Bodi nyingi za taa za LED zimejengwa juu ya bamba la alumini, na kazi ya bamba hilo ni kunyonya joto. Ncha nyembamba kama sindano hupoa papo hapo ikiligusa. Tumia pasi ya wati 60 au zaidi, yenye ncha bapa ya milimita 3 hadi 5. Kwanza pasha bodi kutoka chini hadi nyuzi 100 au 120. Pasi ya nguo iliyogeuzwa tumbo juu inafaa, mradi upime kwa waya wa kupimia joto wa multimita. Paka fluksi ya utomvu kwenye pedi. Ncha iguse pedi na waya kwa pamoja, kisha lisha lehemu pale pedi na waya vinapokutana. Usiiyeyushie kwenye ncha ukaja kuipaka kama uji. Sekunde 2 au 3 zinatosha, kwa bamba zito labda 5. Ikikataa, ondoa pasi, safisha, anza upya.

"Ncha ikiwa nyeusi, ipige tupa au msasa." Hapana, tafadhali. Ndani ya ncha kuna shaba, juu yake kuna ganda jembamba la chuma. Ukilikwangua ganda hilo, bati lililoyeyuka linaila shaba na ncha inatoboka. Ifute kwa sufi ya shaba nyeupe au sponji yenye unyevu kidogo, ivike lehemu mpya mara moja, na uiache imevaa lehemu kila unapozima pasi.

Kuna wanaosema asidi ya kuchomea rejeta inashika kuliko fluksi ya utomvu. Ni kweli inashika, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Ina kloridi ya zinki. Masalia yake huvuta unyevu, hupitisha umeme na huendelea kuila shaba. Kwenye taa inayolala mtumbwini usiku kucha, kiungo hicho hakidumu.

Lawama nyingine hupewa chumvi ya ziwa. Ziwa Victoria ni maji baridi, si bahari. Weusi ulio kwenye nyuzi za waya hutokana na unyevu uliopanda ndani ya ganda la plastiki, na pia mvuke wa asidi ya salfa pale betri ya risasi inapochajiwa ndani ya boksi moja na bodi. Nyuzi zilizokuwa nyeusi hazishiki kwa fluksi ya kawaida. Kata waya, menya tena, endelea kukata mpaka ukute shaba inayong'aa, hata kama ni sentimita 10. Pedi zilizochafuka zisugue kwa mswaki na alkoholi ya asilimia 99. Ile ya 70 inaacha maji mengi mno.

Kuhusu mng'ao: kiungo cha lehemu isiyo na risasi huwa na ukungu kikiwa kizima kabisa. Tazama kingo zake, si rangi.

Mwisho, "kwangua waya uwe mweupe ndipo ushike." Kwa waya wa shaba halisi, kukwangua kidogo si kosa. Lakini nyaya nyingi za bei rahisi ni alumini iliyovikwa shaba nyembamba. Ukikwangua, unaiondoa shaba na kubaki na alumini, ambayo oksidi yake haitoki kwa fluksi ya utomvu hata ukeshe. Dukani, kabla ya kulipa, kata ncha ya waya uitazame kati: shaba ni nyekundu mpaka ndani, alumini ni nyeupe na waya wake mwepesi mkononi.