Cornelia Fort, mwalimu wa urubani: dhana potofu na ukweli

Jina la Cornelia Fort, rubani wa Kimarekani, hutajwa karibu kila mara pamoja na Pearl Harbor, bandari ya jeshi la majini la Marekani huko Hawaii iliyoshambuliwa na Japani mwaka 1941, na kwa sababu hiyo maisha yake ya miaka 24 yamefupishwa yakawa kisa cha asubuhi moja. Mengi yanayosimuliwa juu yake yana chembe ya ukweli, lakini yamechanganywa kiasi kwamba ualimu wake, ambao ndio uliomfikisha Hawaii, hautajwi tena ila kwa kupita.

Dhana: Aliuawa na Wajapani katika shambulio la Pearl Harbor.

Ukweli ni kwamba alinusurika. Jumapili ya tarehe 7 Desemba 1941 alikuwa angani karibu na Honolulu katika ndege ndogo aina ya Interstate Cadet, akimfundisha mwanafunzi kuruka na kutua katika uwanja wa John Rodgers. Alipoona ndege ya kijeshi ikiwajia moja kwa moja, aliuchukua usukani kutoka kwa mwanafunzi na kuipandisha ndege yao kwa nguvu zote za injini. Ile nyingine ikapita chini yao, karibu mno, na hapo ndipo alipoyaona maduara mekundu ya Japani kwenye mabawa yake. Moshi ulikuwa ukipanda kutoka Pearl Harbor. Alitua salama, kisha yeye na mwanafunzi wake wakakimbilia mahali pa kujificha huku uwanja ukimiminiwa risasi. Hawakuumia, ingawa uwanjani hapo aliuawa Robert Tyce, aliyekuwa akiendesha shughuli za ndege za kiraia.

Fort alirejea Marekani bara mwanzoni mwa mwaka 1942 na akayaandika mambo hayo kwa mkono wake. Makala yake ilichapishwa Julai 1943, wakati yeye tayari yumo kaburini, na naamini mfuatano huo umechangia watu kukiunganisha kifo chake na shambulio lile. Filamu moja ya mwaka 1970 nayo iliongeza mkanganyiko kwa kumwonyesha kama mwanamke wa makamo ndani ya ndege yenye mabawa ya ghorofa mbili, ilhali siku hiyo alikuwa na umri wa miaka 22 na ndege yake ilikuwa ya mabawa ya kawaida.

Dhana: Alikuwa Mmarekani wa kwanza kukutana na Wajapani siku hiyo.

Hapana. Zaidi ya saa moja kabla ya mabomu ya kwanza kuanguka, manowari ya Marekani iitwayo Ward ilikuwa imeizamisha nyambizi ndogo ya Kijapani nje ya mlango wa bandari. Angani pia walikuwamo raia wengine.

Dhana: Alikuwa mwanajeshi.

Mnamo Septemba 1942 alijiunga na WAFS, kikosi cha marubani wanawake kilichoongozwa na Nancy Harkness Love, ambacho kazi yake ilikuwa kupeleka ndege kutoka viwandani hadi kwenye vituo vya jeshi. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kuitika wito. Hata hivyo wanawake hao waliajiriwa kama raia: walilipwa dola 250 kwa mwezi, wakati marubani wanaume wa kiraia waliofanya kazi hiyo hiyo walilipwa dola 380, na hawakuwa na bima ya jeshi wala haki ya mazishi ya kijeshi. Serikali ilikubali kuwatambua kama askari wastaafu mwaka 1977. Kwangu mimi hilo ni jambo la kuhuzunisha kuliko yote katika habari hii.

Dhana: Alianguka kwa sababu hakuwa na uzoefu wa kutosha.

Dhana hii ndiyo inayomwonea zaidi. Fort, aliyezaliwa Nashville mwaka 1919 katika familia yenye mali, alianza kujifunza urubani mwaka 1940, na muda si mrefu akawa anafundisha wengine, kwanza huko Fort Collins, Colorado, katika mpango wa serikali wa kuwafunza raia urubani, kisha Honolulu. Mwalimu wa urubani hukaa saa nyingi na mtu anayeweza kukosea wakati wowote, na hana budi kujua ni lini amwache ajirekebishe na ni lini amnyang'anye usukani. WAFS ilidai angalau saa 500 za kuruka. Yeye alikuwa na zaidi ya 1,000.

Tarehe 21 Machi 1943 alikuwa akipeleka Dallas ndege ya BT-13, ambayo yenyewe ni ndege ya mafunzo, akiruka katika msafara na marubani wengine waliotoka Long Beach, California. Kusini mwa mji mdogo wa Merkel, Texas, gurudumu la ndege ya mwenzake liligonga bawa lake la kushoto. Ndege yake ilianguka na hakuruka kwa parachuti. Rubani wa ndege iliyomgonga, mwanamume, alitua salama; saa zake za kuruka hazikufika 300.