Mgonjwa Hajaizoea Mashine

Juma lililopita nimeambiwa tena, safari hii na daktari mwenzangu wala si ndugu wa mgonjwa, kwamba mtu anayeshindwa kutolewa kwenye mashine ya kupumulia kwa wiki ya nne "ameizoea", kana kwamba ni mtoto anayegomea kuachishwa ziwa. Nimonia imekwisha, moyo ni mzima, picha ya kifua ni safi. Basi kosa likawa la mgonjwa.

Mapafu hayajivuti yenyewe. Kazi hiyo ni ya kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, na misuli ya mbavu. Katika ugonjwa wa Pompe, uliopewa jina la daktari Mholanzi aliyeueleza mwaka 1932, kimeng'enya cha kuvunja glaikojeni (sukari ya akiba) ndani ya laisosomu, vifuko vya seli vya kuvunjia vitu, hupungua, na glaikojeni inayorundikana huharibu nyuzi za misuli. Ukianzia ukubwani, huweza kukidhoofisha kiwambo mgonjwa akiwa bado anatembea, na hapo ndipo tunapodanganyika, kwa kuwa ni nani atakayeshuku misuli ya mtu aliyeingia wodini kwa miguu yake?

Mgonjwa akiwa amelala chali na anajaribu kupumua mwenyewe, weka kiganja juu ya kitovu chake. Kiwambo chenye nguvu hulisukuma tumbo nje kila anapovuta pumzi. Kilicholegea huvutwa juu kifuani, na tumbo likabonyea chini ya kiganja chako. Kisha liache faili, umuulize mkewe. Mke mmoja alinieleza kwamba mumewe alikuwa amelala kitini miaka miwili, akiamka kichwa kikimuuma, na kwamba ili ainuke mkekani ilimbidi ayakandamize magoti kwa mikono. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi lilionyesha upungufu wa kimeng'enya, na kipimo cha jeni kikathibitisha. (Oksijeni peke yake hapa ni mtego: namba ya oksijeni kwenye kipimo cha kidoleni hupendeza huku kabonidayoksaidi ikipanda kwenye damu.)

Nakiri kwamba mashine nayo hukikondesha kiwambo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha nyuzi zake zimesinyaa baada ya saa 18 hadi 69 tu za kupumuliwa na mashine bila kiwambo kufanya kazi. Kwa hiyo, kufikia wiki ya nne, mara nyingi siwezi kutenganisha udhaifu wa ugonjwa na ule tuliousababisha sisi wenyewe. Dawa ya kurudisha kimeng'enya ipo tangu 2006, ni ghali mno, na msuli uliokwisha kuharibika haiurudishi.

Yule mume bado huvaa barakoa ya mashine kila usiku, ila hulala kitandani.