Tembo Wasio na Pembe na Vita ya Gorongosa

Wanafunzi wa Iringa wanaotembelea Hifadhi ya Taifa Ruaha, wakimwona tembo jike asiye na pembe, hawakosi kuuliza: "Huyu amekatwa na majangili?" Hapana. Pembe ya tembo ni jino, na mzizi wake umezama ndani ya fuvu. Jangili haing'oi akamwacha mnyama aende zake, anaua kwanza. Tembo huyo kazaliwa hivyo.

Majike wachache wa namna hii wapo tangu zamani. Wanapozidi kuwa wengi, tunajua kuna jambo limewapata wazazi wao. Mfano ulio wazi kuliko yote uko kwa majirani zetu wa Msumbiji, katika Hifadhi ya Gorongosa.

Tangu mwaka 1977 hadi 1992 Serikali ya Frelimo na waasi wa Renamo walipigana, na Gorongosa ikawa katikati ya mapigano. Nyama ya nyati, viboko na pundamilia ililisha vikosi. Pembe za ndovu ziliuzwa, fedha ikanunua silaha. Tembo waliokuwa zaidi ya 2,000 kabla ya vita walipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Naumia kila ninapoitaja hesabu hii, maana tembo hubeba mimba miezi 22 na kuzaa mtoto mmoja.

Mwenye pembe ndiye aliyelengwa. Asiye nazo hakuwa na thamani kwa mwenye bunduki, akapona, akazaa. Kabla ya vita, majike wasio na pembe walikuwa kama 18 katika kila 100. Baada ya vita wakafika 51. Watafiti walichapisha matokeo hayo mwaka 2021. Hata kati ya majike waliozaliwa baada ya amani, theluthi moja hawana pembe.

Kwa nini majike tu? Ushahidi unaelekeza kwenye kromosomu X, moja ya nyuzi za urithi zinazoamua jinsia. Jike ana mbili, hivyo moja ikiwa na kasoro anakosa pembe lakini anaishi. Dume ana moja tu. Akirithi yenye kasoro, inaonekana hafiki kuzaliwa. Kwa hiyo mama asiye na pembe huzaa watoto wa kike wengi kuliko wa kiume, na kundi linapoteza madume ambao hakuna risasi iliyowagusa.

Ruaha haikupitia vita, ila ilipitia ujangili mkali wa miaka ya 1970 na 1980, uliokuja kubanwa na Operesheni Uhai, msako wa Serikali dhidi ya majangili, mwaka 1989. Na huku pembe ni nyenzo ya kazi: tembo huchimbua mizizi na kubandua magome kwa pembe zake. Tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu hukauka kiangazi, na tembo huchimba mchanga wa Mto Mwagusi kutafuta maji. Wakiondoka, nyani na wanyama wengine hunywa kwenye visima hivyo.

Wakulima na wafugaji wa Idodi na Pawaga, mkikuta pembe au mzoga wa tembo shambani au malishoni, msiguse wala msibebe. Kisheria hizo ni nyara za Serikali, na kukutwa nazo bila kibali ni kosa. Mwiteni mtendaji wa kijiji au askari wa wanyamapori siku hiyohiyo, kabla nyayo hazijafutika.