Nyekundu ya ramani ya volkeno haimaanishi mlima unalipuka

Kila mlima wa volkeno ukitajwa kwenye taarifa, haipiti muda kabla ramani fulani haijaanza kuzunguka WhatsApp, katikati nyekundu, halafu chungwa, halafu njano, na chini mtu kaandika "Karthala imeingia nyekundu, wataalamu wametangaza". Karthala ni volkeno ya kisiwa cha Ngazija, Komoro, na huku Mombasa mambo haya yatugusa manake wengi wana jamaa huko, sasa mtu akiona ile picha anapiga simu Moroni usiku wa manane roho iko juu. Na hakuna aliyetangaza kitu. Ile ni ramani tu, pengine ya miaka mingi iliyopita.

Ramani ya maeneo ya hatari ya volkeno yaonyesha mlima ukilipuka, kitu gani chaweza kufika wapi. Kitu gani, yaani lava, majivu, mawingu ya moto yanayoporomoka mlimani, tope, gesi. Wapi, yaani bonde lile, kijiji kile. Wanaoichora huenda kwenye kingo za mito na penye barabara zilizokatwa mlimani wakasoma matabaka ya majivu ya zamani, na wakipata kipande cha mkaa wa mti ulioungua humo wanakipima kujua mlima ulilipuka lini. Halafu wanaangalia ardhi imeinamia wapi, na pepo, na sisi watu wa kaskazi na kusi hatuhitaji kufundishwa kwamba upepo una misimu yake.

Sasa hizo rangi. Nyekundu ya ramani yasema mahali hapa ni rahisi kufikiwa. Iko hivyo leo na mwakani itakuwa hivyo, hata kama mlima umelala na watu wanalima juu yake. Nyekundu ya tahadhari ni kitu kingine kabisa, hiyo hutolewa na wanaoufuatilia mlima kila siku, wanaosikiliza mitetemo na kupima gesi na kuangalia kama ardhi inavimba, na hiyo yaanza kijani, yapanda njano, chungwa, nyekundu, yashuka tena, yaweza kubadilika asubuhi na jioni. Ya kwanza yahusu mahali, ya pili yahusu wakati. Kwa vile zote mbili zatumia rangi zile zile simlaumu mtu akichanganya, lakini tukiendelea kuchanganya kuna watu wataumia. Kila mtu hapa ajua mtaani kwao ni kichochoro kipi kinachojaa maji mvua ikishuka, na kujua hivyo si kusema leo kutanyesha.

Ona Kolombia 1985. Ramani ya mlima wa volkeno wa Nevado del Ruiz ilitoka Oktoba, na mji wa Armero ulikuwemo kwenye njia ya tope. Usiku wa tarehe 13 Novemba mlima ukalipuka, joto likayeyusha sehemu ya barafu ya kileleni, maji yakakokota majivu na mawe kwenye mabonde ya mito, na baada ya masaa mawili na kitu tope likafika Armero, kilomita kama 70 kutoka kreta, yaani mdomo wa mlima. Walikufa zaidi ya watu 20,000. Kuhusu mahali ramani ilisema kweli, amri ya kuhama ndo haikuwafikia kwa wakati.

Goma nayo, huko Kongo, lava ya mlima wa Nyiragongo ilipita katikati ya mji Januari 2002 ikaenda ikaingia Ziwa Kivu, kwa hivyo hakuna asiyejua yapita wapi. Tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena mpaka pembeni mwa mji, na hakukuwa na onyo la kueleweka lililotangulia. Aliyekuwa angoja rangi ya tahadhari ibadilike ndo aanze kufikiria kuhama, ilimkuta nyumbani.

Na jambo jingine, zile duara. Ukiona ramani yenye duara safi kuzunguka mlima, kilomita tano, kumi, ishirini, jua hiyo ni ya haraka haraka, manake tope na lava hufuata mabonde, na lava haitoki lazima juu kileleni. Karthala 1977 ilipasukia ubavuni, chini kabisa, lava ikaingia kijiji cha Singani ikafunika nyumba. Majivu nayo yana njia zake, Novemba 2005 yalianguka kwenye matangi ya maji ya mvua, na Ngazija watu wengi maji yao ya kunywa ndo hayo, basi hata mtu ambaye lava haiwezi kumfikia alijikuta hana maji ya kunywa. Ndo maana ramani nzuri huwa na karatasi zaidi ya moja, ya lava mbali na ya majivu mbali.

Kwa hivyo ndugu yangu uliyeandika "Karthala imeingia nyekundu", ungeandika tu kwamba kijiji fulani kiko kwenye eneo jekundu la ramani ya lava, hiyo ni sahihi, na mwenye jamaa huko ni vizuri aijue hata kabla mlima haujatikisika. Ukitaka kujua leo ukoje, uliza kiwango cha tahadhari na tarehe kilipotolewa.